Kila mbwa wa boma awe na mtu mzima wake

Katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang, mbwa huingia bomani mikononi mwa mtoto. Kwa jirani kuna jike limezaa. Mtoto katumwa kurudisha jembe, anarudi amekumbatia kitoto cha mbwa. Baba anakikagua nyayo. Akiona ni nene anaridhika: huyu atakuwa mkubwa, fisi watamwogopa. Mama anauliza atakula nini. Swali la tatu, kwamba mbwa huyu atakuwa chini ya uangalizi wa nani, haliulizwi na mtu, maana jibu lake limezoeleka: ni wa mtoto aliyemleta. Yeye ndiye atakayempa jina, atakayemtilia ukoko wa ugali, atakayeongozana naye malishoni, na siku ya chanjo ndiye atakayemfunga kamba na kumkokota hadi ofisi ya kijiji.

Ninaamini jibu hilo ni chanzo cha madhara mengi yanayowapata watoto wetu kwa mbwa, na ndilo la kubadilisha kabla ya mengine yote. Mtoto anaweza kuwa rafiki wa mbwa, akamwita, akacheza naye, akampelekea maji. Kuwa mwangalizi wake hawezi. Mbwa, hasa wa mbegu kubwa, ni jukumu la mtu mzima, na mtu huyo ajulikane kwa jina tangu siku kijibwa kinapovuka kizingiti.

Siandiki kuwapinga mbwa. Kuanzia Daudi hadi Dongobesh, kutoka Haydom hadi Basotu na vijiji vilivyo chini ya Mlima Hanang, hii ni nchi ya watu wenye mifugo. Wairaqw wanalima na kufuga. Wabarabaig maisha yao yamefungamana na ng'ombe. Fisi bado wapo, na mwizi wa mifugo hajaisha. Usiku wa baridi, watu wamejifunika na upepo unavuma, mbwa ndiye anayesikia kwanza. Boma lisilo na mbwa linalindwa na usingizi. Mchana mbwa huyo huyo anawafuata watoto wachungaji porini, na mzazi aliyebaki shambani anapata utulivu kidogo kwa kujua hawako peke yao. Anayetaka kuwaondoa mbwa katika maisha yetu hajui tunavyoishi.

Kilichobadilika ni ukubwa wa mbwa wenyewe. Mbwa wa kienyeji tuliyemzoea ni mwembamba, mara nyingi ana kilo kumi na tano hivi, ametwaa tabia za boma kwa vizazi vingi. Siku hizi wenye maduka, mashine za kusaga na mifugo mingi wanatafuta mbwa wa mbegu kubwa, au machotara wao, kutoka Arusha na Moshi. Dume la German Shepherd likikomaa lina kilo 30 hadi 40; la Rottweiler hufika 50 na kupita. Mbwa hawa hawabaki ndani ya uzio wa tajiri aliyewanunua. Wanazaa na majike ya jirani, na baada ya miaka michache hata kijibwa cha kuombwa bure kinaweza kuwa na damu yao.

Tazama hesabu yake. Kitoto cha German Shepherd cha miezi miwili kina kilo saba hivi; kikifika miezi sita kimepita 20. Mtoto wa binadamu wa miaka miwili ana kilo kumi na mbili hivi. Maana yake, kijibwa kilicholetwa wakati wa kupanda mahindi, kikabebwa begani kama mdoli, wakati wa kuvuna kimemzidi uzito yule aliyekuwa akikibeba. Na kichwani bado ni kitoto. Mbwa wa mbegu kubwa huchelewa kupevuka. Wengi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu ambapo nyumbani kuna kiumbe chenye nguvu za mtu na akili ya mchezo, na kinacheza na mtoto asiyejua kujizuia wala kukwepa.

Watu wakisikia hatari ya mbwa wanafikiria meno. Mimi nawaomba waanzie jikoni. Nyumba zetu nyingi zinapikia kuni, chini, juu ya mafiga matatu. Uji unachemka, mama ameinama anapuliza moto, mtoto anayejifunza kutembea amesimama hatua mbili kutoka kwenye sufuria ameshika kipande cha kiazi. Kijibwa cha miezi mitano kinaingia mbio, kimenusa kiazi, kinamrukia mtoto kifuani kwa furaha. Hakuna uchokozi hapo, wala ukali. Kuna kilo kumi na tano au zaidi zinazokwenda kasi, na mtoto anayeanguka chali kuelekea motoni. Mbwa huyo hata akiwa mpole kuliko wote kijijini, matokeo ni yale yale. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ninayoitetea ni hii: mbwa asiingie jikoni, awe mkubwa au mdogo, mvua inyeshe isinyeshe. Kizuizi cha fito au mabanzi kinachofika kiunoni mwa mtu mzima kinatosha, na fundi wa kukijenga yupo kila kitongoji. Kizuizi hicho kinamzuia pia mtoto asitoke kumfuata mbwa wakati mama yuko na shughuli.

Tukija kwenye meno, tuanze na jambo ambalo wengi hatulifuati, nalo ni umri wa kumchukua kijibwa. Desturi ni kumchukua mara tu akifungua macho na kuanza kutambaatambaa, kabla jirani mwingine hajawahi. Hilo ni kosa, na mtoto wako ndiye atakayelilipia. Meno ya utoto ya mbwa, 28 kwa jumla, huota kati ya wiki ya tatu na ya sita, na ni makali kama miiba. Kuanzia hapo vijibwa vinaumana katika mchezo. Anayeuma kwa nguvu, mwenzake analia na kuacha kucheza; akimuuma mama yake, mama anamkaripia. Hivyo ndivyo mbwa anavyojifunza kipimo cha taya lake. Ukimtoa kabla ya wiki ya nane, unamleta nyumbani hajamaliza somo hilo, na mikono ya wanao inageuka kuwa daftari lake. Mwache kwa mama yake miezi miwili. Jirani muungwana atakutunzia.

Lakini usichelewe mno pia, kwa sababu kuna dirisha linalofungwa. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, walichapisha mwaka 1965 matokeo ya miaka mingi ya kuwachunguza vijibwa. Walionyesha kwamba kuanzia wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili hivi, ubongo wa kijibwa uko wazi kupokea: anachokutana nacho kwa amani katika wiki hizo anakihesabu kuwa sehemu ya maisha, na asichokutana nacho huja kukiogopa. Mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma. Kwa hiyo kijibwa kizoeshwe kuona watoto wakikimbia, kusikia kichanga kikilia, kushikwa masikio na miguu kwa upole, haya yote yakifanyika mbele ya mtu mzima, kwa dakika chache, na kuishia vizuri. Samaki mkunje angali mbichi. Anayemfungia kijibwa kwenye banda la giza miezi mitatu ili awe mkali anatengeneza mbwa asiyejua tofauti kati ya mwizi na mtoto wa dada yako aliyekuja likizo.

Hapa nasikia pingamizi ambalo nimelisikia tangu utoto: mbwa akizoeshwa watu atakuwa goigoi, hatalinda. Wazee wanaosema hivyo nawaheshimu, lakini ushahidi uko upande mwingine. Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa tangu mwaka 1994 likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mifugo wa mbegu kubwa kutoka Uturuki, wale wanaoitwa Anatolian Shepherd na Kangal. Ni mbwa wanaofukuza duma na chui. Hata hivyo wanaanza maisha wakiwa vijibwa vya wiki chache ndani ya zizi, wakiwekwa pamoja na mbuzi na kondoo, huku mtu mmoja akiwa na jukumu la kuwalisha, kuwakagua na kuwarekebisha. Mradi wa wanyama wala nyama wa Ruaha ulileta mbwa wa aina hiyo hapa Tanzania, kwa wafugaji wakiwemo Wabarabaig, ndugu wa hawa wa Hanang. Ulinzi wa mbwa huyo unatokana na kuwapenda anaowalinda, na upendo huo hujengwa akiwa mdogo. Mbwa anayelijua boma lake na watu wake hahitaji kuwachukia watoto ili amfukuze fisi.

Sasa, mtoto huumwa lini hasa? Anayedhani ni mbwa koko wa barabarani anakosea. Watoto wadogo mara nyingi huumwa na mbwa wanayemfahamu, nyumbani kwao au kwa jirani, na mara nyingi ni mtoto aliyemwendea mbwa. Nyakati zenyewe zinajulikana: mbwa anakula, mbwa amelala, mbwa anaumwa, jike lina vitoto. Mtoto wa miaka mitatu anatambaa kuchukua mfupa uliodondoka, au anamlalia mbwa aliyejinyoosha kivulini. Na kwa sababu ya kimo chake, jeraha haliendi mguuni kama kwa mtu mzima. German Shepherd aliyesimama ana kimo cha sentimita sitini na zaidi mabegani. Mtoto wa mwaka mmoja ana sentimita sabini na tano hivi. Uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa. Ndiyo maana watoto wadogo wanaumwa zaidi kichwani, usoni na shingoni.

Mbwa haumi ghafla bila kusema. Kabla ya kuuma ameshasema mara nyingi, sisi tu hatukumsikiliza. Anageuza kichwa pembeni. Anajilamba midomo wakati hakuna chakula. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Mwili unakakamaa, macho yanaonyesha weupe pembeni, mkia unanyooka. Mwisho ananguruma. Na hapo ndipo tunapofanya kosa kubwa: tunampiga kwa sababu amemngurumia mtoto. Tunachomfundisha kwa fimbo hiyo ni kunyamaza. Siku nyingine hatanguruma, atauma moja kwa moja, na tutasema amebadilika. Mbwa akimngurumia mtoto, mwondoe mtoto kwanza, kwa utulivu, kisha jiulize ni nini kilichomkera mbwa. Mngurumo ni taarifa, tena ya bure.

Kwa hiyo ndani ya boma ningependa kuona mipaka michache isiyovunjwa. Mbwa ale mahali pake, nyuma ya nyumba au karibu na zizi, mtoto asipoweza kufika, na chombo kiondolewe akimaliza. Awe na pahali pa kulala ambapo hakuna mtoto anayeruhusiwa kumfuata. Mtoto chini ya miaka sita asiachwe peke yake na mbwa hata dakika moja, hata mbwa huyo awe amemlea. Na "peke yake" ni pamoja na kuachwa na kaka wa miaka minane, kwa sababu kaka wa miaka minane naye ni mtoto. Akifika umri wa shule, afundishwe mambo matatu: asimkimbie mbwa, bali asimame kimya kama mti na mikono mwilini, akiangushwa ajikunje na kufunika uso na shingo, asimrushie mbwa mawe. Hili la mwisho nalisisitiza. Kumrushia mbwa mawe kumekuwa mchezo wa njiani kutoka shule, na mbwa anayepigwa mawe na watoto saba anamkumbuka mtoto wa nane.

Na kijibwa kisifungwe mnyororo mfupi mchana kutwa. Mbwa wa mbegu kubwa aliyefungwa mtini tangu asubuhi, watoto wakimpita kwa kelele na yeye hafiki popote, anajaa hasira na hofu kwa pamoja. Siku mnyororo unapokatika, wa kwanza kumkuta ni mtoto. Anayetaka mbwa mkubwa ajenge ua wa mbwa mkubwa. Asiyeweza kujenga ua, mbwa wa kienyeji anamtosha, na atamlinda vizuri.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana, nayo ni kinyesi. Vijibwa karibu vyote huzaliwa na minyoo au huipata mapema, kwa sababu mama huwaambukiza wakiwa tumboni na kupitia maziwa. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi, hukaa kwenye udongo wiki kadhaa yakikomaa, kisha mtoto anayechezea udongo huo anayaingiza mdomoni. Ndani ya mwili wa mtu lava hao hawakui kuwa minyoo ya kawaida. Wanazurura kwenye ini, mapafu, hata jichoni, na wanaweza kumharibia mtoto uwezo wa kuona. Dawa ipo na si ghali: kijibwa kipewe dawa ya minyoo kikifika wiki mbili, kirudiwe kila baada ya wiki mbili mpaka miezi mitatu, na mama yake apewe pamoja naye. Tena, tukichinja kondoo au ng'ombe, tusimtupie mbwa mapafu na maini yenye malengelenge ya maji. Malengelenge hayo ni mtoto wa tegu anayekomaa ndani ya utumbo wa mbwa, na mayai yake yakimwingia binadamu hujenga uvimbe wa aina ile ile ndani ya ini au mapafu yake. Yachomwe au yazikwe kwenye shimo refu.

Sisi wa Mbulu tuna sababu ya pekee ya kulijali hili. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2009 katika nchi nane, ukiwafuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua kwa nini wanadumaa. Miongoni mwa vilivyoonekana ni kwamba bakteria aitwaye Campylobacter, anayeishi kwenye matumbo ya kuku, mifugo na mbwa, alikuwa amewaingia watoto wengi mno kabla hawajatimiza mwaka, na wenye mzigo mkubwa wa bakteria huyo walikuwa wafupi kuliko wenzao. Si kijibwa peke yake kinachobeba lawama. Kuku na ndama wamo. Ila kijibwa ndicho kinacholamba uso wa mtoto. Kuokota kinyesi asubuhi, kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na kumweka anayetambaa juu ya mkeka safi ni kazi ya mtu mzima, si ya mtoto.

Nimeacha kichaa cha mbwa mwisho kwa makusudi, maana ndicho kinachoua. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, karibu vyote vinatokana na mbwa, na wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo karibu 1,500 kwa mwaka, vingi vikitokea vijijini bila kuandikwa popote. Virusi husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Jeraha likiwa usoni au kichwani safari ni fupi, na hapo tena mtoto ndiye anayepungukiwa na muda. Dalili zikishaanza, kupona ni kama hakupo. Kabla ya dalili, kinga ni karibu kamili. Hakuna ugonjwa mwingine ninaoujua ambao umbali kati ya uhai na kifo ni sabuni, maji na sindano zilizochomwa kwa wakati.

Basi mtoto akiumwa au kukwaruzwa, hata na kijibwa cha nyumbani, jeraha lioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili. Asipakwe majivu, mafuta ya taa wala dawa ya mitishamba. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungwa salama na kuangaliwa siku kumi. Afya yake katika siku hizo inamwambia daktari mengi. Na jambo moja zaidi, ambalo kwangu ni zito kuliko yote: mtoto asichapwe kwa kuumwa. Mtoto anayejua atachapwa kwa sababu alimchokoza mbwa anaficha jeraha ndani ya sweta la shule, na familia inakuja kujua wakati anaogopa maji. Mwambie leo, kabla hajaumwa, kwamba akija kusema hatapigwa.

Kijibwa nacho kinapata kichaa na kinakiambukiza, kwa hiyo ile imani kwamba mbwa mdogo hana madhara iondoke. Tena wapo wanaoamini kijibwa chini ya miezi mitatu hakichanjwi, na siku ya kampeni wanakiacha nyumbani. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mbwa wote wachanjwe kwenye kampeni, wakiwemo vijibwa, kisha warudiwe. Katika vijiji vyetu mbwa wengi ni wachanga. Ukiwaacha hao, lengo la kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote halifikiki, na chini ya hapo ugonjwa unaendelea kuzunguka.

Nenda uone siku ya chanjo ilivyo. Afisa mifugo amefika na boksi la barafu, ameweka meza chini ya mti. Foleni karibu nzima ni ya watoto. Mmoja wa miaka tisa amefunga kamba ya katani shingoni mwa mbwa anayemzidi uzito, ameizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja, visigino vimechimba vumbi. Mbele yake majike mawili yananguruma, nyuma yake dume lisilofungwa. Mdogo wake amebeba vijibwa viwili ndani ya kikapu. Watoto hawa wanafanya kazi ya taifa, maana bila wao mbwa wengi wasingefika pale, na wanastahili shukrani. Lakini hapo ndipo pia pa hatari kuliko siku nyingine zote: mbwa wageni wamesongamana, wote wana hofu, na kila mmoja ameshikwa na mtu mdogo asiyeweza kumzuia. Tangazo la chanjo liseme wazi kwamba mbwa mkubwa aletwe na mtu mzima, na chanjo ifanyike Jumamosi au jioni wakati watu wazima wametoka shambani.

Kuchanja mbwa wote, vijibwa wakiwemo, kunawezekana, na uwezo wa kufanya hivyo uko kwetu. Watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania walionyesha mwaka 2016 kwamba chanjo moja inayotumika sana kwa mbwa inabaki na nguvu hata ikihifadhiwa miezi sita kwenye nyuzijoto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Katika baridi ya nyanda za Mbulu maana yake ni kubwa: dozi zinaweza kukaa kijijini kwa usimamizi wa afisa mifugo, na kijibwa kilichozaliwa Aprili kikachanjwa mwezi ule ule kinapoletwa nyumbani, pasipo kungoja kampeni ya mwakani. Pemba, kisiwa chetu wenyewe, kilikiondoa kichaa cha mbwa kwa kuchanja. Ugonjwa uliporudi mwaka 2016 kampeni zikarudi pia, ukaondoka tena. Watu wa Pemba hawakuwa na muujiza wowote. Walichanja, wakafuatilia kila aliyeumwa, wakachanja tena.

Sheria nazo tunazo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 zinamtambua mwenye mnyama na wajibu wake. Kinachokosekana ni mwenye mbwa kujulikana. Halmashauri za Mbulu na Hanang ziruhusu vijiji kutunga sheria ndogo yenye mambo manne: kila mbwa aandikwe kwenye daftari la kitongoji kwa jina la mtu mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, kijibwa kisihamishwe nyumba kabla ya miezi miwili, cheti cha chanjo kihifadhiwe na huyo aliyeandikishwa, na anayefuga mbwa wa mbegu kubwa awe na ua. Shule za msingi zitenge kipindi kimoja kila muhula kwa ajili ya mbwa na usalama, kifundishwe na afisa mifugo wa kata pamoja na mhudumu wa zahanati. Hospitali na vituo vya afya vihakikishe sindano za kichaa zipo mwaka mzima, na Serikali ibebe gharama yake kwa watoto. Familia iliyouza mbuzi ili ilipe nauli ya kwenda na kurudi mara tatu au nne haipaswi kuuza na wa pili ili ilipie dozi.

Wapo watakaosema tumelelewa na mbwa na tuko hai. Ni kweli, walio hai ndio wanaoweza kulisema. Waliokufa kwa kichaa hawapo kwenye mkutano wa kijiji, na walioungua jikoni hatukuwaandika kwenye daftari la mbwa. Mbwa wenyewe sasa ni wakubwa zaidi ya wale tuliolelewa nao. Mzazi mwenye kijibwa leo nyumbani asisubiri sheria ndogo. Akae chini na mwenziwe jioni hii, wakubaliane kwa jina ni nani kati yao atakayekilisha, atakayekipeleka kuchanjwa, atakayejenga kizuizi cha jikoni na atakayejibu mbele ya jirani kikimuuma mtoto wake. Wakishindwa kupata jina hilo, wakirudishe kijibwa kwa aliyekitoa, hata mtoto akilia.